Uchambuzi wa Kisa: Faiba, Radi na Kamera za Usalama Katika Shamba Kubwa la Kahawa, Moshi

## Kuhusu andiko hili

Kisa hiki kinahusu shamba kubwa la kahawa lililoko kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kilimanjaro, mwendo mfupi kwa gari kutoka Moshi mjini. Majina ya shamba, mmiliki na mkandarasi yameachwa, na umbali kati ya majengo umebadilishwa kidogo ili eneo lisitambulike, lakini mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi umebaki kama ulivyokuwa. Nilishiriki kama mshauri wa kiufundi wa mmiliki, kuanzia tathmini ya mfumo wa zamani hadi ukaguzi uliofanyika baada ya masika.

Ninawaandikia mafundi pamoja na mameneja wa mashamba, shule, hoteli na viwanda vyenye viwanja vipana, kwa sababu kuna jambo linalojirudia katika kazi za namna hii. Faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopeleka mawasiliano kwa mwanga, hununuliwa kama tiba ya umbali na ya radi, kisha waya mwingine wa shaba hulazwa kando yake, na radi hupita humo.

## Usuli

Ofisi na ghala la shamba viko karibu na geti kuu. Kiwanda cha kumenya kahawa kiko mita 400 hivi kutoka ofisini, na ubavuni mwake kuna vichanja vya kukaushia kahawa ya maganda. Barabara ya ndani inaendelea kutoka kiwandani hadi geti la nyuma, umbali wa kilomita 1.3 zaidi, ambako hupita matrekta na wachumaji. Pampu ya maji iko mtoni, kilomita 1.9 kutoka ofisini ukifuata barabara hiyo na mchepuko wake. Kati ya sehemu hizi kuna mistari ya mibuni chini ya kivuli cha migrevilea, na upande wa chini shamba linakatizwa na mfongo (mfereji) wa zamani unaowapelekea maji wanakijiji.

Kamera zilifungwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Waya wa shaba wa mtandao hauruhusiwi kuzidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa, kwa hiyo aliyefunga kamera za kiwandani aliweka swichi ndogo (kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao) ndani ya boksi la plastiki kila baada ya mita 80 au 90, na kila swichi ikapewa umeme kwa waya uliovutwa juu ya miti. Geti la nyuma na pampu viliunganishwa kwa antena za gigahezi 5 zilizofungwa kwenye mabomba ya chuma. Zilifanya kazi vizuri zilipokuwa mpya. Migrevilea hukua haraka, na majani yake yakilowa maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo, kwa hiyo kila mwaka mawasiliano yalizidi kudhoofika wakati wa mvua bila mtu yeyote kugusa kifaa.

## Kilichotokea kabla ya kazi

Katika masika moja, radi ilipiga karibu na kiwanda. Swichi zote zilizokuwa kati ya kiwanda na ofisi ziliungua, pamoja na tundu moja la mtambo wa kurekodia uliokuwa mezani kwa mhasibu. Mkondo ulikuwa umesafiri kwenye shaba kutoka boksi hadi boksi. Vifaa vilibadilishwa kwa vingine vya aina ile ile, na kazi ikaendelea.

Mwezi Oktoba, mavuno yakiwa yamepamba moto, kahawa ya maganda iliibwa usiku kutoka kwenye vichanja. Asubuhi meneja alifungua mtambo wa kurekodia na kukuta picha za vichanja zimekoma mapema usiku huo. Umeme wa TANESCO ulikuwa umekatika kwa muda mfupi na kurudi, swichi ya boksi la pili ikaganda, na kila kamera iliyokuwa mbele yake ikawa gizani hadi fundi alipochomoa na kuchomeka tena. Hakuna aliyefahamu, kwa kuwa skrini pekee ilikuwa ndani ya ofisi iliyofungwa. Hata picha za geti kuu, ambazo zilikuwepo, ziliwasumbua wapelelezi: saa ya mtambo ilikuwa imeachwa kwenye majira ya dunia, saa tatu nyuma ya saa ya Tanzania, na gari lililotoka saa nane usiku lilionekana kana kwamba limetoka saa tano.

Baada ya tukio hilo mmiliki aliomba bei kwa wakandarasi na kuagiza usanifu mpya. Sharti lake lilikuwa kwamba kifaa kimoja kikifa, kisizime nusu ya shamba.

## Maamuzi na sababu zake

### Aina ya faiba

Mmoja wa walioleta bei alipendekeza faiba ya modi nyingi, akisema vifaa vyake ni vya bei nafuu. Faiba hiyo ina kiini (sehemu ya katikati inayopitisha mwanga) cha mikromita 50, na kwa kasi ya gigabiti 1 vifaa vyake vya kawaida hutosha kwa mita 550 hivi. Ingefaa kati ya ofisi na kiwanda tu. Faiba ya modi moja, yenye kiini cha takribani mikromita 9, hupoteza desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) 0.35 hivi kwa kila kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1310, na moduli zake za kawaida za gigabiti 1, yaani vifaa vya kurusha na kupokea mwanga, hufika kilomita 10. Tofauti ya bei ya moduli za aina hizi mbili siku hizi ni ndogo, na kuchanganya aina mbili kungelilazimu shamba kuweka akiba ya vipuri vya aina mbili. Modi moja ilichaguliwa kwa shamba zima.

Zilichukuliwa nyuzi 12 ndani ya kila waya, ingawa mfumo ulihitaji mbili tu. Sehemu kubwa ya gharama ilikuwa vibarua, mtaro na bomba, na kuongeza nyuzi kumi ndani ya waya ule ule hakukubadilisha sana bei ya jumla. Wanaonunua nyuzi mbili ili kubana matumizi huchimba mtaro ule ule mara ya pili pale uzi mmoja unapokatika au ofisi inapotaka laini ya simu kiwandani.

### Chuma au bila chuma

Kipande cha kutoka kiwandani hadi geti la nyuma kina fuko wengi. Mnyapara wa shamba, mzee aliyekaa pale tangu ujana wake, alitutembeza akituonyesha vichuguu vyao. Nilipomuuliza, "Mzee, hawa hula hata bomba?" alijibu, "Mwanangu, hapa mizizi ya migomba hawaiachi, sembuse kamba yako." Kwa sababu hiyo mkandarasi alitaka waya wenye utepe wa chuma chini ya ganda.

Nilipinga, na meneja alikubaliana nami. Utepe wa chuma ungemzuia fuko, lakini ungekuwa pia kondakta mrefu wa umeme chini ya ardhi kutoka jengo hadi jengo, na ungehitaji kukatwa na kutengwa kwa uangalifu katika kila kabati. Kioo hakipitishi umeme, na hiyo ndiyo faida ya faiba ambayo hatukuwa tayari kuipoteza. Iliamuliwa kutumia waya usio na chuma chochote, uliolazwa ndani ya bomba nene la plastiki ngumu ya HDPE la milimita 63, upana ambao fuko hawezi kuuzungushia meno kwa urahisi. Bomba lilizikwa sentimita 80 chini, na utepe wa tahadhari ukalazwa juu yake katikati ya kina hicho.

### Pete

Ili kutimiza sharti la mmiliki, mtandao ulichorwa kwa umbo la pete: ofisi, kiwanda, geti la nyuma, pampu, kisha kurudi ofisini. Swichi zilizochaguliwa zilikuwa zile zinazoweza kusimamiwa na zinazofahamu itifaki ya RSTP, ambayo huzima njia moja ya pete wakati wa kawaida na kuifungua ndani ya sekunde chache njia nyingine inapokatika. Swichi za bei ya chini zisizo na uwezo huo zikiungwa kwa pete huzungusha taarifa bila kikomo mpaka mtandao wote unasimama, na ndiyo maana baadhi ya mafundi wetu huamini kwamba pete ni kitu kibaya.

Mchoro wa awali ulipitisha mkono (kipande cha pete) wa kutoka pampu hadi ofisini upande wa chini wa shamba, mbali na barabara. Njia hiyo ililazimika kukatiza mfongo. Uchimbaji ulipangwa Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, lakini hicho ndicho kipindi ambacho wanakijiji wanayahitaji maji ya mfongo kuliko wakati mwingine wowote, na kamati ya mfongo haikuwa tayari kuruhusu mtaro uguse kingo zake. Kusubiri kungesogeza kazi hadi ndani ya masika. Uongozi wa shamba uliamua mkono huo ufuate barabara, na kwa mita 400 za mwisho, kati ya kiwanda na ofisi, ulale ndani ya mtaro mmoja na mkono wa kwanza.

### Umeme wa kamera

Hapa ndipo watu wengi husahau. Waya wa shaba hupeleka picha na umeme kwa pamoja, kwa mfumo ambao mafundi huuita PoE. Kiwango cha IEEE 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye tundu la swichi. Faiba haipeleki umeme wowote. Kila mahali inapoishia panahitaji kabati lenye swichi, chanzo cha umeme na betri, na kutoka hapo kamera huunganishwa kwa shaba fupi isiyofika mita 100.

Ofisi, kiwanda na pampu vilikuwa na umeme wa TANESCO. Geti la nyuma halikuwa nao. Nilipendekeza sola. Meneja alikumbusha kwamba paneli iliyowahi kufungwa pale iling'olewa usiku, na mkandarasi akasema kwa kuwa mtaro wa kutoka kiwandani unachimbwa hata hivyo, waya wa umeme wa volti 230 unaweza kulazwa humo humo kwa gharama ndogo. Kwa hesabu ya volti alikuwa sahihi: kabati lote lilitumia wati 40 hivi, na kwa waya wa milimita 2.5 za mraba upotevu katika kilomita 1.3 haukuzidi volti 5. Waya huo wa umeme ulilazwa kandokando ya bomba la faiba.

### Kurekodi

Kamera zilikuwa 26. Kwa wastani wa megabiti 4 kwa sekunde kwa kila moja, mtandao wote ungebeba megabiti 104 tu, sehemu ndogo sana ya gigabiti 1, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kusikiliza wauzaji waliosifia vifaa vya gigabiti 10. Uhifadhi ndio uliohitaji hesabu. Megabiti 4 kwa sekunde ni gigabaiti 43.2 kwa siku kwa kamera moja, na kwa kamera zote ni zaidi ya terabaiti 1 kila siku. Kwa kutumia mbano wa picha wa H.265 na kushusha wastani hadi megabiti 2, siku 30 zilitoshea katika terabaiti 17. Aidha, kamera za vichanja, ghala na geti la nyuma ziliwekewa kadi za kumbukumbu ndani yake ili ziendelee kurekodi zenyewe mawasiliano yakikatika. Skrini ya pili ilipelekwa kwenye kibanda cha askari wa zamu, pamoja na kengele inayolia kamera yoyote inapopotea.

Mpangilio wa kamera nao ulirekebishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia picha za watu, na mmiliki alielekezwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kubandika matangazo yanayosomeka. Kamera iliyokuwa ikitazama milango ya nyumba za wafanyakazi iligeuzwa. Iliyowekwa mahali pa kupimia kahawa ilipokelewa vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wachumaji hulipwa kwa debe na ubishi wa madebe ulikuwa wa kila jioni.

## Kupima kabla ya kupokea kazi

Kabla ya malipo ya mwisho tulikokotoa upotevu unaotarajiwa katika kipande kirefu zaidi, cha kutoka ofisini hadi pampu. Kilomita 1.9 za kioo zilipewa desibeli 0.67, viungo vinne vya kuyeyusha desibeli 0.4, na konekta nne desibeli 2, jumla kama desibeli 3.1. Moduli tulizonunua zilirusha mwanga usiopungua -9.5 na kupokea hadi -20 kwa kipimo cha nguvu ya mwanga cha dBm, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya desibeli 10.5. Mahesabu yalikuwa na akiba nzuri.

Uzi wa bluu ulisomeka desibeli 1.9. Uzi wa chungwa ulisomeka 6.8. Taa ya kijani ya swichi iliwaka kwa nyuzi zote mbili na picha zilionekana, na mkandarasi alisema kwa adabu kwamba mfumo unaopitisha picha hauna tatizo. Tulifungua paneli ya pampu. Ndani ya adapta ya bluu ilikuwa imechomekwa ncha ya kijani. Fundi kijana aliyefunga paneli hufanya kazi zaidi ya intaneti ya majumbani, ambako ncha za kijani ndizo za kawaida, na alitumia waya mfupi uliokuwa mfukoni mwa begi lake. Ncha ya kijani hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu haina mshazari. Zikikutanishwa, pembe moja tu hugusa, pengo la hewa hubaki, na zikilazimishwa zinaweza kukwaruzana. Waya ulibadilishwa. Kipimo kilishuka hadi 2.6, ambacho bado kilikuwa juu ya jirani yake. Kwenye hadubini ya mkononi tuliona alama ya kidole iliyofunika sehemu ya kiini kama ukungu. Ncha ikafutwa kwa kalamu ya kusafishia, ikakaguliwa tena, na uzi ukasomeka 2.0.

Ninasisitiza kipimo hiki kwa sababu uzi wenye upotevu wa 6.8 ungefanya kazi miezi mingi. Ungezimika siku vumbi la kiangazi linapoongezeka kidogo au moduli inapochoka, na wakati huo mkandarasi angekuwa amekwisha kulipwa na kila mtu angeulaumu mtaro.

## Matokeo baada ya makabidhiano

Mfumo ulikabidhiwa mwanzoni mwa Machi. Masika yalikuwa na majaribu mawili.

Mwezi Aprili radi ilipiga mgrevilea uliokuwa kando ya barabara, kati ya kiwanda na geti la nyuma. Usiku huo kengele ililia katika kibanda cha askari: kamera zote za geti la nyuma zilikuwa zimepotea, nyingine zote zikiendelea. Asubuhi tulikuta chanzo cha umeme cha kabati la geti kimepasuka, swichi imeungua, na kamera tatu zimekufa. Upande wa kiwandani kikata umeme kilikuwa kimeruka na kizuizi cha mkondo wa radi kimeungua, kama kinavyopaswa, lakini swichi na moduli za kiwandani zilikuwa nzima. Faiba ya kipande hicho ilipopimwa ilisomeka sawasawa na siku ya makabidhiano.

Mwezi Mei maji yalibomoa ukingo wa barabara ya ndani, na shamba likakodi ekskaveta kufungua upya mfereji kati ya ofisi na kiwanda. Dereva hakuwa na ramani wala hakuambiwa. Ndoo ya mtambo ilipita kwenye utepe wa tahadhari na bomba kwa mkupuo mmoja, na nyaya zote mbili za faiba zikakatika. Kiwanda, vichanja, pampu na geti la nyuma vikawa visiwa. Mtambo wa ofisini haukupokea picha yoyote kutoka huko mpaka usiku, ingawa kamera zenye kadi za kumbukumbu ziliendelea kurekodi, na kipindi hicho kilipatikana chote baadaye.

Matengenezo yalichelewa kwa jambo dogo. Nyaya mbili zilizokatika zilikuwa za aina moja, zenye nyuzi 12 za rangi zile zile kwa mpangilio ule ule, na hakuna uliokuwa na lebo ndani ya chemba (shimo la kufikia nyaya). Fundi alilazimika kutuma mwenzake kiwandani akiwa na tochi ya mwanga mwekundu, amulike uzi mmoja mmoja, huku yeye amejikunja ndani ya mtaro wenye tope akisubiri kuona nukta nyekundu kwenye ncha. Walipotambua waya upi ni upi, walianza na nyuzi za bluu na chungwa peke yake ili mawasiliano yarudi usiku ule ule, na nyuzi zilizosalia ziliungwa siku zilizofuata. Mita 15 za waya wa akiba zilizokuwa zimekunjwa katika kila chemba ziliwawezesha kuvuta waya na kuunga bila kuongeza kipande kipya.

## Uchambuzi

### Radi ilipita wapi

Ukilinganisha matukio mawili ya radi, unaona kazi ambayo faiba iliifanya. Katika tukio la zamani, mkondo ulianzia kiwandani ukaishia mezani kwa mhasibu. Katika tukio la Aprili uliishia kwenye ncha mbili za waya wa umeme, wala haukuvuka kioo kwenda popote. Mtu anayetaka ushahidi kwamba faiba hutenganisha majengo kiumeme anao hapa.

Lakini kabati la geti la nyuma lilikufa kabisa, na lilikufa kwa sababu tuliondoa shaba ya mawasiliano tukaweka shaba ya umeme ndefu kuliko ile ya kwanza, kandokando ya faiba. Radi ikipiga ardhi, volti ya udongo wa mahali pale hupanda ghafla kuliko ya mbali, na kondakta yeyote anayeunganisha sehemu hizo mbili huwa barabara. Haimjalishi kama anabeba picha au volti 230. Vizuizi vya mkondo wa radi husaidia, na geti la nyuma halikuwa nacho, ila hata kingekuwepo kingehitaji ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) nzuri, na udongo wa volkano ukikauka ethi yake huwa dhaifu. Uamuzi wa meneja ulikuwa na sababu ya kweli, kwani wizi wa paneli ulikuwa umetokea. Kilichokosekana ni mtu wa kuweka hatari mbili mezani kwa pamoja: paneli inaweza kulindwa kwa nguzo ndefu na kamera inayoitazama, lakini radi haizuiwi na askari.

### Pete ya kwenye karatasi

Kwenye skrini ya swichi, pete ilikuwa kamili na majaribio yote ya kuchomoa waya yalifaulu. Majaribio hayo hupima programu. Hayaelezi kwamba mikono miwili imelala sentimita chache kutoka kila mmoja. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa lililogharimu zaidi katika kisa kizima, kwa kuwa fedha za swichi bora na za waya wa pili zilitumika, na katika mita 400 muhimu kuliko zote hazikununua usalama wowote. Endapo njia mbili tofauti haziwezekani mwaka huo, ni afadhali kuacha pete wazi na kusema hivyo katika ripoti, kuliko kumwacha mmiliki aamini ana kinga asiyokuwa nayo.

Mazungumzo na kamati ya mfongo nayo yalianza yakiwa yamechelewa. Walifuatwa mkandarasi akiwa tayari ana vibarua uwanjani, na mtu anayeombwa ruhusa huku sululu zikisubiri ana haki ya kukataa.

### Yaliyobeba kazi

Kadi za kumbukumbu ndani ya kamera zilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndizo zilizookoa picha za Mei. Kengele katika kibanda cha askari ilibadilisha maana ya mfumo, kwani mwaka uliotangulia kamera zilikufa usiku na kugunduliwa asubuhi baada ya wizi. Waya wa akiba katika chemba na nyuzi 12 badala ya mbili vilirahisisha matengenezo. Waya usio na chuma ulifanya kipande cha geti kibaki kizima radi ilipopita kando yake, na hadi ukaguzi wangu wa mwisho hapakuwa na alama ya meno ya fuko kwenye bomba.

Lebo na ramani vilipuuzwa, na nimeona hivyo katika karibu kila kazi ya faiba niliyoikagua. Ramani ilikuwepo, kwenye kompyuta ya mkandarasi. Msimamizi wa barabara, ambaye ndiye aliyeita ekskaveta, hakuwahi kuiona.

## Marekebisho

Waya wa umeme wa kwenda geti la nyuma umekatwa pande zote mbili na kuachwa ardhini bila kuunganishwa na chochote. Kabati la geti sasa lina sola yake. Kwa wastani wa wati 35 kwa saa 24, pamoja na taa za usiku za kamera, linahitaji wati-saa 840 kwa siku. Tulihesabu kwa kufuata mawingu ya Juni na Julai, ambayo hapa Moshi hupunguza jua kuliko hata masika kwa siku nyingi, tukapata paneli za wati 400 na betri ya litiamu ya volti 24 na amp-saa 100, inayoweza kubeba kabati kwa siku mbili bila jua. Paneli ziko juu ya nguzo ya chuma iliyozamishwa katika zege, zimefungwa kwa bolti zisizofunguliwa kwa spana ya kawaida, na kamera moja inazitazama. Nguzo ina ethi yake yenyewe.

Kila waya umewekewa lebo katika kila chemba, vigingi vya zege vyenye rangi vimesimikwa kandokando ya mtaro, na ramani iliyochapishwa imebandikwa ofisini, karakana ya matrekta na kibanda cha askari. Hakuna mtambo wa kuchimba unaoruhusiwa kuingia shambani kabla ya dereva kutembezwa njia hiyo.

Mkono wa pili wa pete utapita upande wa chini, kama ulivyochorwa mwanzoni. Kamati ya mfongo imekubali bomba lipite chini ya sakafu ya mfongo, mita 1 kwenda chini, katika siku ambazo maji hufungwa ili wanakijiji wausafishe kwa pamoja, na shamba litagharamia kujenga upya kingo za sehemu hiyo kwa mawe. Mpaka hapo utakapokamilika, ripoti ya shamba inautaja mtandao huo kuwa wa njia moja.